Alhamisi napeleka maoni ya barabara ya mtaa wetu: nidai nini kwa ajili ya miguu na baiskeli?

Mgosi wa Spoku

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi fundi baiskeli hapa Tanga, kijiwe changu kipo Ngamiani chini ya mwarobaini. Si mtu wa kuandika marefu, ila hili limenikaa kooni.

Juzi tuliitwa mkutano wa mtaa. Akaja kijana mmoja mtaalamu, mpole, ramani ameikunja kama mkeka. Akaitandaza juu ya meza ya chai. Barabara yetu itapanuliwa, mtaro utafunikwa, magari yapishane bila kusubiriana, na upande wa madukani kutakuwa na maegesho. Makofi. Nikanyoosha mkono nikauliza, na baiskeli je? Akasema zitapita pembeni. Nikauliza pembeni ipi, maana hiyo pembeni umeshaipa maegesho. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, nampa heshima yake. Akaniambia, fundi, andika ukurasa mmoja, Alhamisi ulete.

Ukurasa mmoja tu. Niujaze nini?

Kwa wasioijua Tanga: mji wetu tambarare, na baiskeli kwetu si alama ya umaskini wala si mazoezi ya kupunguza kitambi. Anapanda mwalimu, anapanda mama na baibui lake, anapanda muuza samaki na tenga nyuma. Ngamiani yenyewe imepimwa kwa mistari iliyonyooka na barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, mpaka ishirini na kitu, hupotei hata ukitaka. Lakini kazi yangu imebadilika. Zamani nilikuwa mtu wa kuziba pancha na kukaza spoku. Siku hizi naletewa ringi la mbele limepinda umbo la nane, na mwenyewe anakuja nyuma yake anachechemea. Ramadhani iliyopita nililetewa baiskeli ya mtoto wa jirani juu ya mkokoteni, mtoto hakuja nayo. Yuko hai, mguu ulifungwa plasta. Lakini nilivyoiona ile baiskeli imekuja peke yake, nilikaa chini kwanza.

Nasikia kuna miji Ulaya ilijaa magari ikageuka. Swali langu la kifundi: walianza kufungua nati ipi? Hotuba za mazingira sizitaki, kijana atazisikiliza kwa adabu kisha atakunja mkeka wake. Nataka kitu ambacho mtu wa ramani hawezi kukipita.

BintiMakorora

Mgosi! Salamu kutoka Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Mimi mtoto wa Makorora hapohapo Tanga, nimeolewa huku, na mwaka wa kumi na tano sasa nazunguka na baiskeli kuhudumia wazee majumbani kwao. Asubuhi wazee watano, jioni wanne. Leseni ya gari ninayo, imelala kabatini. Si kwamba nimegeuka Mholanzi, jibini lao mpaka leo linanishinda. Nimepiga hesabu tu: nikienda kwa gari, nachelewa.

Na jibu la swali lako limo humo. Usiwaombe njia ya baiskeli. Waombe njia FUPI wapewe miguu na baiskeli, na gari lizungushwe.

Nieleze. Hapa katikati ya mji kuna uwanja mkubwa wa soko, Grote Markt. Wazee wangu wana picha zake za miaka ya sitini: magari yamebanana kama dagaa kwenye ungo. Kila aliyetoka mashariki kwenda magharibi alikatiza hapo. Usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 19, 1977, mji ukabadilisha kanuni. Mji wa kati uligawanywa vipande vinne kama chapati. Kwa miguu au kwa baiskeli unavuka kutoka kipande hadi kipande utakavyo, na basi pia liliruhusiwa. Kwa gari huvuki. Kipande cha jirani unakiona kwa macho, lakini kukifikia inabidi utoke nje mpaka barabara ya mzunguko, uzunguke, uingie tena kwa mlango wake.

Angalia vizuri hapo, maana watakuja kukuambia unataka kupiga marufuku magari. Hakuna aliyekatazwa gari. Kila nyumba inafikika kwa gari, mgonjwa anachukuliwa, duka linaletewa mzigo. Kilichokatazwa ni kuukatiza mji wa watu kwenda mahali pengine. Kwetu waliimba baki njia kuu, michepuko si dili. Huku gari ndilo lililochepushwa, baiskeli ikabaki njia kuu.

Na walijenga nini usiku ule? Hilo ndilo la kumwambia yule kijana. Kwa sehemu kubwa, vibao. Mamia ya vibao vya barabarani vilibadilishwa, mitaa ikafanywa ya upande mmoja, mingine ikazibwa. Lami mpya, viwanja vilivyosakafiwa vizuri, maegesho ya baiskeli chini ya ardhi stesheni, hayo yalikuja miaka kwa miaka baadaye. Kwanza waliamua nani apite wapi. Leo karibu safari 6 kati ya 10 ndani ya mji huu ni za baiskeli.

Usikubali pia ukiambiwa Waholanzi wamezaliwa na pedeli mguuni. Baada ya vita vikuu nao walikimbilia magari, wakavunja nyumba kupanua barabara. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,200, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na mabango yaliyoandikwa, kwa lugha yao, acheni kuua watoto. Novemba 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakatembea katikati ya barabara kuu na vigari vya kusukumia watoto. Hapo ndipo wengi walipoona barabara ina upana gani ikiwa haina gari. Kwa hiyo ile baiskeli iliyokuja peke yake kwenye mkokoteni, iandike. Usiseme hutaki hotuba ukaiacha.

Groningen nako hawakupokea kwa vigelegele. Aliyelibeba jambo lile ni diwani kijana, Max van den Berg, na wenye maduka walimkasirikia sana. Baadaye akaja kuwa mkuu wa mkoa huu huu. Mwaka 1994 wakauliza tena wananchi kwa kura: bustani ya Noorderplantsoen, barabara iliyopita ndani yake ifungiwe magari moja kwa moja au ifunguliwe? Ilishinda ifungwe, kwa kura chache mno. Mmoja wa wazee wangu, bibi wa miaka 88, anakiri alipiga kura ya kufungua, maana mumewe alikuwa anapita mle kwenda kazini. Sasa kila siku jua likitoka namvalisha koti nampeleka kukaa kwenye benchi la bustani ileile. Ananiomba nisimtaje. Simtaji.

Si pepo huku, nisije nikakudanganya. Upepo unakurudisha nyuma, baiskeli zinaibwa kama kuku, na zinavyoegeshwa ovyo kwenye njia ya miguu kipofu anapata taabu. Lakini mtoto wangu wa miaka tisa anakwenda shule peke yake na mimi moyo hauniendi mbio.

Muuza Kanga

Dada yangu wa Ulaya, tunakuheshimu, lakini sisi wenye maduka ndio tunaolipa kodi ya pango. Gari lisipoegesha mbele ya duka, mteja anakwenda kwingine. Huyu fundi anatetea baiskeli kwa sababu ndiyo sahani yake ya wali.

Mgosi wa Spoku

Kweli ni sahani yangu, sikatai. Lakini mzee wangu, nakaa mbele ya maduka mchana kutwa. Gari linaloegeshwa mbele ya duka ni la mwenye duka. Linakuja saa mbili asubuhi, linaondoka Magharibi. Mahali palipolala gari moja hukaa baiskeli nane mpaka kumi, na wenyewe wameingia dukani wananunua mita tatu za kitambaa. Hesabu wateja wako wa jana, wangapi walikuja na funguo za gari mkononi?

Muuza Kanga

Wa jana siwahesabu. Wa siku ya Idi nitawahesabu tuone.

Kifusi Laini

Niingie mimi, maana nimefanya kazi za barabara Dar miaka mingi, kuanzia kubeba zege mpaka kusimamia kipande.

Dada wa Makorora amesema vizuri, ila Groningen mitaa yake ya katikati ni ya kale, imepindapinda. Ngamiani ni mraba kwa mraba. Mfano wenu ni Barcelona, Hispania, mtaa wa Poblenou, mwaka 2016. Kule nako mji ulipimwa kwa miraba karne ya kumi na tisa, na kila mtaa ulikuwa njia ya kupenya. Wakachukua miraba tisa, mitatu kwa mitatu, wakaifanya mmoja mkubwa. Magari yanayopita yanazunguka nje. Ndani gari la mwenyeji linaingia, lakini kila njia panda linalazimishwa kugeuka, linajikuta limetokea upande uleule lilioingilia. Mwanzo walitumia rangi barabarani, miti kwenye vyungu na matairi ya zamani. Fundi, ninyi matairi mnayo.

Chukua ramani ya Ngamiani, chagua miraba tisa. Barabara za nje zibaki za daladala na malori. Ndani, kwenye njia panda, weka vizuizi kwa mshazari. Baiskeli na mtu wanapita katikati, gari linageuka. Hutahitaji kufukuza mtu wala kubomoa ukuta.

Sasa la pili, ambalo wanasiasa hawalipendi kwa sababu halipigiki picha. Dar tulijengewa mabasi ya mwendokasi, yalianza 2016, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, na pembeni ikawekwa njia ya miguu na baiskeli. Mji ulipewa hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri 2018. Mimi napita ile njia. Ni pana kuliko nyingi nilizoziona, nasema haki. Lakini saa nane mchana hakuna kivuli, bodaboda wanaifanya ya kwao foleni ikikaza, na bidhaa zimetandazwa. Watu wanawalaumu machinga. Mimi siwalaumu. Machinga hukaa wanapopita watu, ukiona machinga jua njia imefanikiwa. Kosa ni la mchoraji ambaye hakuwachorea mahali. Kwenye ukurasa wako andika: kutoka ukutani, kwanza baraza na meza za wachuuzi, kisha njia tupu ya kutembea, kisha miti, kisha baiskeli, ndipo gari. Miti iwe kati ya mtu na gari, inafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Na ipandwe siku barabara inapojengwa, maana ikiachwa ya baadaye haipandwi.

Mengine madogo ambayo ndiyo yanayookoa watu, na kijana wa ramani atajua hujabahatisha:

Njia ya gari mita 3 inatosha mtaani. Akikuchorea tatu na nusu muulize kwa nini, maana dereva hukanyaga mafuta kulingana na upana anaouona, kibao hakisomi. Hiyo nusu mita mara mbili ni mita nzima, nayo ni njia ya mtu.

Kona za njia panda ziwe kali. Kona ya duara kubwa inamwezesha dereva kukata bila kupunguza mwendo, na pale kwenye kukata ndipo ringi lako linapopinda.

Mtaa mdogo unapokutana na barabara, njia ya miguu isishuke. Iendelee juu kwa juu, gari ndilo lipande na kushuka. Mama mwenye ndoo kichwani au mtu wa kiti cha magurudumu asihesabu ngazi kila hatua ishirini.

Na mifuniko ya mtaro! Matundu yake yakilala kufuata mwendo wa safari, yanameza tairi jembamba. Yakate mwendo. Hili halina gharama hata ya senti.

Mgosi wa Spoku

Kaka Kifusi, hilo la mifuniko umenipiga penyewe. Ninazo baiskeli mbili hapa sasa hivi, zote zimemezwa. Nilidhani ni bahati mbaya, kumbe ni mchoro.

Chombo Saa Kumi

Mimi bodaboda. Niseme ukweli wangu hata mkinichukia.

Hivyo vizuizi vya mshazari vya baiskeli kupita katikati: anapopita baiskeli nami napita. Hao Wazungu wenu hawana bodaboda, ndiyo maana mchoro wao ni mtamu. Mkishayaondoa magari ndani ya miraba mtaa utakuwa mweupe, na abiria wangu ananiambia wahi. Unadhani nitakwenda mwendo wa jeneza? Bora mseme mapema mnatufanyaje.

BintiMakorora

Mdogo wangu, ahsante kwa kusema kweli, wengi wangeficha. Huku nako pikipiki ndogo na baiskeli nene za umeme zinatusumbua kwenye njia za baiskeli, wala hawajazimaliza. Kuna jambo moja la sheria yao ambalo limeingia kwenye tabia: chombo chenye injini kikimgonga mtembea kwa miguu au mpanda baiskeli, mzigo wa fidia unaanzia kwa mwenye chombo, na kama aliyegongwa hajafika miaka 14, mwenye chombo karibu hana pa kutokea. Madereva wanajifunza hilo kabla ya kujifunza gia. Ukimwona mtoto mbele, mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe.

Lakini sheria hiyo fundi hawezi kuiweka kwenye ukurasa mmoja wa mtaa, najua.

Kifusi Laini

Bodaboda ana hoja. Nafasi ya kizuizi ukiibana mpaka pikipiki isipite, umemzuia pia muuza samaki na tenga lake, na guta, na kiti cha magurudumu. Kwa hiyo usimzuie, mpunguze. Pale katikati ya kizuizi weka tuta la upole: baiskeli inapanda kwa raha, mwenye haraka anaumia mgongo. Na kijiwe cha bodaboda kipewe mahali rasmi kwenye pembe ya nje ya ile miraba tisa, kwenye kivuli, na benchi. Abiria atembee mitaa miwili kukifuata. Hatakufa.

Chombo Saa Kumi

Atatembea mvua inanyesha? Haya. Lakini kijiwe chenye kivuli nimekisikia, msije mkakisahau.

Mama Vitumbua

Nyote mmeongea magurudumu. Mimi natembea. Saa kumi na moja alfajiri natoka nyumbani na beseni kichwani, kuna giza. Mnifanyie mambo mawili: taa zimulike chini ninapokanyaga, siyo juu ya lami tu, na nisiambiwe nikavukie mbali. Alama za kuvukia wanaziweka pazuri kwa gari kusimama, siyo pale watu wanapovuka. Watu wanavuka soko lilipo. Ukiweka mita mia pembeni umeniongezea mita mia mbili na beseni, kwenda na kurudi. Nitavuka palepale pa siku zote, na dereva atanitukana.

BintiMakorora

Bi mkubwa, shikamoo. Fundi, haya ya mama ndiyo uyatangulize, kabla ya vizuizi na Barcelona. Njia fupi ni hiyo aliyoisema.

Mgosi wa Spoku

Nimerudi. Jana usiku niliandika, mke wangu akanisahihishia herufi. Ukurasa umejaa mpaka pembeni, ile pembeni ya baiskeli.

Nimeanza na beseni la mama. Kisha: gari lifike kila mlango, lisikatize. Kisha nimechora miraba tisa kwa rula ya mwanangu, na kijiwe cha bodaboda kwenye pembe. Chombo, sijakusahau. Mita 3, kona kali, miti siku ya kwanza, matundu ya mifuniko yakate mwendo. Baiskeli ya mkokotenini nimeiweka mwisho, mistari miwili tu, bila jina.

Kuna jambo nimeliongeza la kwangu. Jumamosi nilifunga kijiwe saa moja nzima, nikakaa karibu na soko la Mgandini na daftari. Baiskeli mstari mmoja, gari mstari mmoja, kila likipita. Baiskeli zimejaza kurasa nne. Magari ukurasa mmoja, haujafika chini. Mzee wa kanga alinikuta pale, akakaa, akaanza kunisaidia upande wa magari ili nisimpunje. Alipoona kurasa akanyamaza, akaniuliza kama hesabu ya siku ya jua inafaa kutumika masika. Sijui nimjibu nini.

Mama Vitumbua

Na waenda kwa miguu umewahesabu?

Mgosi wa Spoku

Hao walinishinda, mama. Nilianza, peni haikuwafuata. Kesho narudi na binti yangu, yeye ahesabu miguu tu, na mzee wa kanga amesema ataleta kiti chake.